Kadi ya Wi-Fi kwenye Linux: kujua, kubadilisha na kushikilia toleo la draiva na la programu dhibiti

Kadi ya Wi-Fi inayokatika kila baada ya dakika chache, au iliyotoweka baada ya kusasisha mfumo, mara nyingi ni nzima. Kilichovunjika ni maelewano ya vitu viwili vinavyoiendesha. Cha kwanza ni draiva, moduli inayoishi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Cha pili ni programu dhibiti (firmware), faili ambalo draiva hulipakia kwenye kichakataji kidogo kilichomo ndani ya kadi kila kadi inapoamshwa. Draiva hubadilika kerneli inapobadilika, ilhali programu dhibiti huja kwenye kifurushi chake, kwa ratiba yake. Mmoja akimtangulia mwenzake, mtumiaji ndiye anayebaki bila mtandao.

Mfano mkuu hapa ni kadi ya Intel AX200 kwenye Debian 13, lakini hatua ni zilezile kwa Ubuntu, na kwa kadi nyingine kinachobadilika zaidi ni majina ya mafaili. Kabla ya yote, ondoa hofu moja: kadi nyingi za laptopu hazihifadhi programu hii ndani yake. Umeme ukikatika inafutika, na kompyuta ikiwashwa inapakiwa upya kutoka kwenye diski. Kwa hiyo kujaribu faili la zamani au jipya hakuiui kadi. Faili likikataa, unarudisha la awali na mambo yanaendelea.

Itambue kadi kwa namba, si kwa jina la boksi

Kwa kadi iliyo ndani ya laptopu:

```
lspci -nnk -d ::0280
```

Utapata mistari ya namna hii:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Intel Corporation Wi-Fi 6 AX200 [8086:2723] (rev 1a)
        Kernel driver in use: iwlwifi
        Kernel modules: iwlwifi
```

Namba iliyo kwenye mabano mraba, `8086:2723`, ndiyo kitambulisho cha kweli. Kwa kadi ya USB tumia `lsusb`. Laptopu za mtumba huwa zimebadilishiwa kadi kabla hazijafika dukani, kwa hiyo stika ya chini isikudanganye. Kadi za USB ndizo zenye mtego mkubwa zaidi: TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ina chipu ya Atheros AR9271, lakini matoleo ya 2 na 3 yana Realtek RTL8188EUS. Jina ni lilelile, draiva hazina uhusiano wowote.

Mistari miwili ya mwisho inasema mengi. Ukiona `Kernel modules` lakini `Kernel driver in use` haipo, moduli ipo ila imeshindwa kuishika kadi, na sababu ya kawaida ni programu dhibiti iliyokosekana au iliyokataliwa. Ikiwa mistari yote miwili haipo, kerneli yako haina draiva ya kadi hiyo. Hapo kupakua programu dhibiti hakutasaidia lolote. Unahitaji kerneli mpya zaidi au draiva ya nje.

Kuna kadi za USB za bei nafuu zinazojitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye draiva za Windows. Kwenye `lsusb` zinaonekana kama `0bda:1a2b`. Zigeuze hivi:

```
sudo apt install usb-modeswitch
sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b
```

Kisha rudia `lsusb`. Namba itakuwa imebadilika, na hiyo mpya ndiyo ya kufanyia kazi.

Andika matoleo yaliyopo kabla ya kugusa chochote

Pata jina la kiolesura kwa `ip link`. Huanza na `wl`: `wlp2s0`, `wlan0`, au `wlx` ikifuatiwa na namba ndefu kwa kadi za USB. Halafu:

```
uname -r
sudo ethtool -i wlp2s0
sudo journalctl -k -b | grep -iE 'iwlwifi|firmware'
modinfo -F firmware iwlwifi | grep cc-a0
```

Kwenye `ethtool`, mstari wa `version` kwa draiva za ndani ya kerneli ni toleo la kerneli yenyewe, na `firmware-version` ni programu dhibiti inayofanya kazi wakati huo. Kwenye kumbukumbu za kerneli tafuta mstari wa namna hii:

```
loaded firmware version 77.864baa2e.0 cc-a0-77.ucode op_mode iwlmvm
```

Hapa watu wengi huandika "77" wakaishia hapo, na hilo huwagharimu baadaye. 77 ni namba ya makubaliano kati ya draiva na kadi, na inaweza kukaa miaka bila kubadilika. Herufi na tarakimu nane zinazofuata, `864baa2e`, ndizo zinazotofautisha toleo moja la 77 na jingine. Kifurushi kinaweza kusasishwa, faili likabaki na jina `iwlwifi-cc-a0-77.ucode`, ndani yake kukawa na kitu kingine kabisa. Andika mstari mzima, na toleo la kerneli pembeni yake. Faili la maandishi lenye tarehe linatosha.

Amri ya `modinfo` inaonyesha namba ya juu kabisa ambayo draiva inaielewa. Draiva ya Intel huanza kutafuta faili la namba hiyo, likikosekana inashuka moja moja hadi kiwango cha chini inachokubali. Kwa hiyo faili lenye namba iliyozidi upeo wa draiva halitaguswa kamwe. Kerneli 6.1 ya Debian 12 kwa AX200 inafikia 72. Ukiweka 77 kwenye mashine hiyo, litakaa tu kwenye folda.

Kusoma makosa bila kuhangaika bure

`failed with error -2` maana yake faili halikupatikana. Peke yake si tatizo. Draiva inaposhuka kutoka namba ya juu kutafuta iliyopo, huacha mistari kadhaa ya -2 njiani, na ukiona `loaded firmware version` baada yake, kazi imekwisha salama. `iwl-debug-yoyo.bin` nalo hulalamikiwa kwenye mashine nyingi. Ni faili la wachunguzi wa Intel, liache. Kadi za Qualcomm zinazotumia ath10k hulalamikia mafaili yanayoanza na `pre-cal-pci` au `cal-pci`, na hayo pia hayana madhara.

Linalohesabika ni `no suitable firmware found!`. Chini yake draiva hutaja kiwango cha chini na cha juu inachokubali, na ndiyo orodha yako ya kutafuta.

`-110` ni jambo jingine. Maana yake draiva ilisubiri jibu kutoka kwenye kadi, muda ukaisha. Faili lilikuwepo. Ikiwa kompyuta ina Windows pia, anza hapo: mfumo wake wa kuwaka haraka haufungi kompyuta kikamilifu, na kadi hubaki katika hali ambayo Linux haiwezi kuianzisha. Zima kipengele hicho kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, izime kompyuta kabisa, chomoa chaja kwa nusu dakika, kisha iwashe moja kwa moja kwenye Linux.

`Microcode SW error detected` inaonyesha programu iliyo ndani ya kadi imeanguka na draiva inaianzisha upya. Hii ndiyo dalili inayostahili kubadilishiwa toleo.

Yaondoe kwanza yasiyohusu matoleo

Hatua hii hurukwa sana, kisha mtu anapoteza siku nzima akihangaika na mafaili.

`rfkill list` ikionyesha `Hard blocked: yes`, kuna swichi au kitufe kimezima Wi-Fi. `Soft blocked` huondolewa kwa `sudo rfkill unblock wifi`.

Mtandao unaokatika au unaosuasua mashine ikiwa imetulia mara nyingi unatokana na kubana umeme. Jaribu:

```
sudo iw dev wlp2s0 set power_save off
```

Ikiwa hali imetengemaa, ifanye ya kudumu kwa kuunda faili `/etc/NetworkManager/conf.d/umeme-wifi.conf` lenye:

```
[connection]
wifi.powersave = 2
```

Hapa 2 ni kuzima na 3 ni kuwasha. Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`.

Kama mtandao mmoja tu ndio hauonekani, huku simu inauona, angalia nchi: `iw reg get`. Ikiwa imeandikwa `country 00`, kadi inafuata kanuni za dunia nzima, na kwenye chaneli ya 12 na 13 hairuhusiwi kuanza kutuma yenyewe. Jaribu `sudo iw reg set TZ`, au `KE` ukiwa Kenya. Kanuni hizi nazo ni faili, `regulatory.db`, kutoka kifurushi `wireless-regdb`, na kerneli hulipakia kwa njia ileile ya programu dhibiti.

Mafaili yanakaa wapi, na kerneli inatafuta kwa mpangilio gani

Isipoelekezwa kwingine wakati wa kuwaka, kerneli hutafuta hivi:

1. `/lib/firmware/updates/` na folda yenye jina la toleo la kerneli
2. `/lib/firmware/updates/`
3. `/lib/firmware/` na folda yenye jina la toleo la kerneli
4. `/lib/firmware/`

Vifurushi huweka mafaili yao kwenye nambari 4. Folda ya `updates` ni yako. Faili la majaribio likiwekwa hapo linatangulia la kifurushi, hakuna kinachofutwa, na kurudi nyuma ni kuliondoa tu.

Kuna mtego. Mifumo mingi sasa hubana mafaili haya, na Ubuntu 24.04 huyaweka kwa `.zst`. Kerneli hutafuta kwanza faili lisilobanwa katika folda zote nne, ndipo irudi kutafuta lililobanwa. Hivyo faili la `.zst` ndani ya `updates` litashindwa na faili wazi lililoko `/lib/firmware`. Weka la kwako bila kubana. Ukilazimika kubana kwa xz, tumia `xz --check=crc32`, kwa sababu ukaguzi ambao xz huutumia yenyewe hauwezi kutegemewa kukubaliwa na kerneli.

Kuweka programu dhibiti isiyokuwepo

Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, mafaili haya yana sehemu yake, `non-free-firmware`. Mashine iliyopandishwa kutoka Debian ya zamani kwa kubadilisha tu jina la toleo huwa haina neno hilo kwenye orodha, na matokeo yake kifurushi cha programu dhibiti hakisasishwi tena. Fungua `/etc/apt/sources.list`, au `/etc/apt/sources.list.d/debian.sources`, uongeze `non-free-firmware` baada ya `main`. Kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install firmware-iwlwifi
```

Kwa Realtek ni `firmware-realtek`, kwa Qualcomm na Atheros `firmware-atheros`, kwa kadi za Broadcom zinazotumia brcmfmac `firmware-brcm80211`. Ubuntu imeyakusanya yote kwenye `linux-firmware`.

Bila mtandao utapakuaje? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na Linux itaiona kama kadi ya waya bila kuongeza chochote. Zima kwanza masasisho ya jumla, yasije yakamaliza bando. Njia nyingine ni kupakua faili la `.deb` kwenye kompyuta nyingine, kulileta kwa flashi, na kuandika `sudo apt install ./firmware-iwlwifi_*.deb`.

Unapohitaji toleo jipya kuliko la mfumo wako, Debian ina hifadhi ya backports. Ongeza mstari huu kwenye faili jipya ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, liishie na `.list`:

```
deb http://deb.debian.org/debian trixie-backports main non-free-firmware
```

Kisha baada ya `sudo apt update`:

```
sudo apt install -t trixie-backports linux-image-amd64 firmware-iwlwifi
```

Chukua vyote viwili kwa pamoja. Kerneli mpya na programu dhibiti ya zamani ndiyo ndoa inayovunjika mara nyingi zaidi. Kwa Ubuntu 24.04, kerneli mpya huja na `linux-generic-hwe-24.04`.

Ukichukua faili moja tu kutoka hifadhi ya linux-firmware ya kernel.org, hakikisha umepakua faili lenyewe, si ukurasa unaolionyesha. Andika `file iwlwifi-cc-a0-77.ucode`, jibu likitaja HTML, umehifadhi ukurasa. Kadi ya AX210 inahitaji mafaili mawili: `.ucode` na lenzake la `.pnvm`, na yanapaswa kwenda pamoja.

Kurudi kwenye toleo la nyuma

Tambua kwanza ni upande gani umeharibika. Washa kompyuta, kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla Linux haijawaka) ingia `Advanced options`, chagua kerneli ya awali. Kama Wi-Fi imepona, usikimbilie kuilaumu draiva mpya. Kerneli ya awali inaweza kuwa na upeo wa chini zaidi, kwa hiyo imepakia faili jingine. Angalia tena mstari wa `loaded firmware version`. Ukiwa uleule hadi zile tarakimu nane, kosa liko kwenye draiva. Ukiwa tofauti, bado hujajua.

Kama kuna namba za chini zilizobaki, ziorodheshe:

```
ls /lib/firmware/iwlwifi-cc-a0-*
dpkg -S iwlwifi-cc-a0-77.ucode
```

Kubadilisha jina la faili kwa `mv` kunafanya kazi hadi sasisho lijalo, ambalo litalirudisha kimyakimya. Tumia `dpkg-divert`, ili mfumo ukumbuke uamuzi wako. Andika njia ileile iliyochapishwa na `dpkg -S`, pamoja na `.zst` ikiwa ipo:

```
sudo dpkg-divert --local --rename \
  --divert /usr/lib/firmware/iwlwifi-cc-a0-77.ucode.kando \
  --add /usr/lib/firmware/iwlwifi-cc-a0-77.ucode
```

Pakia draiva upya:

```
sudo modprobe -r iwlmvm
sudo modprobe iwlwifi
sudo dmesg | grep iwlwifi | tail -n 20
```

`iwlmvm` ndiyo huondolewa kwanza kwa sababu inaikalia `iwlwifi`. Kadi za zamani kama Centrino 6205 zina `iwldvm` mahali pake. Usifanye hivi ukiwa umeingia kwenye mashine kwa SSH kupitia Wi-Fi hiyohiyo.

Ikiwa tatizo limeletwa na 77 mpya iliyochukua nafasi ya 77 ya zamani, kulisogeza faili kando hakukupi ile ya zamani. Rudisha kifurushi:

```
apt policy firmware-iwlwifi
sudo apt install firmware-iwlwifi=TOLEO
sudo apt-mark hold firmware-iwlwifi
```

Matoleo yaliyoondolewa kwenye hifadhi ya kawaida yanapatikana snapshot.debian.org, na pengine `.deb` ya awali bado iko `/var/cache/apt/archives`. Kifurushi kilichoshikiliwa hakipati marekebisho ya usalama, na udhaifu wa Wi-Fi kama FragAttacks wa 2021 hurekebishwa kwa draiva na programu hizi. Andika tarehe uliyokishikilia.

Jaribio la dakika mbili halithibitishi kitu. Kama mtandao ulikuwa unakatika kila nusu saa, acha `ping` kwenda kwenye ruta kwa angalau saa moja na nusu huku `sudo dmesg -w` ikiwa wazi dirisha la pili. Ilaze kompyuta na kuiamsha mara mbili au tatu. Kadi nyingi huangukia hapo.

Realtek na draiva za nje ya kerneli

Maelekezo mengi ya zamani humtuma mtu kujenga draiva ya Realtek mwenyewe. Angalia kerneli yako kwanza. Kuanzia 6.2, rtw88 inazishika RTL8821CU, RTL8822BU na RTL8822CU za USB, na kuanzia 6.3 rtl8xxxu inaishika RTL8188EU. Draiva ya ndani ya kerneli haivunjiki kila sasisho; ichague hata kama kasi yake ni ndogo kidogo.

Ukilazimika kutumia ya nje, ijenge kwa DKMS, chombo cha kujenga moduli za kerneli, ili ijengwe upya kila kerneli inapobadilika:

```
sudo apt install dkms build-essential linux-headers-amd64
dkms status
```

Chukua `linux-headers-amd64`, si vichwa (mafaili ya kerneli yanayohitajika kujengea moduli) vya toleo moja tu, la sivyo kerneli ijayo itakuja bila vichwa vyake na Wi-Fi itapotea. Ujenzi ukishindwa, sababu imeandikwa kwenye `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/`. Zuia draiva ya ndani inayogombania kadi hiyohiyo, kwa mfano kwa kuandika `blacklist rtw88_8821cu` kwenye `/etc/modprobe.d/wifi.conf`.

Moduli imejengwa lakini `modprobe` inajibu `Key was rejected by service`? Hiyo ni Secure Boot, kinga ya kompyuta inayokataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`, kisha kwenye Debian:

```
sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub
```

Weka nenosiri la muda, washa upya, na kwenye skrini ya bluu chagua `Enroll MOK`. Skrini hiyo haisubiri muda mrefu, kaa karibu na kibodi.

Broadcom BCM43142 na BCM4360 zinahitaji `wl`, kutoka `broadcom-sta-dkms` kwenye Debian au `bcmwl-kernel-source` kwenye Ubuntu. Hii huachwa nyuma na kerneli mpya kuliko draiva yoyote iliyotajwa hapa. Mwenye kadi hizo asifute kerneli ya awali mpaka mpya iwe imethibitika. Kama laptopu inaruhusu, kununua kadi nyingine ni nafuu kuliko kuhangaika kila sasisho, ila jihadhari: baadhi ya HP na ThinkPad za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya BIOS, na AX201 hufanya kazi tu kwenye bodi za Intel zilizoundwa kwa ajili yake. AX200 haina sharti hilo la bodi.

Kufungua ulichokifunga

Kerneli au kifurushi kipya kikitoka, jaribu tena:

```
sudo apt-mark unhold firmware-iwlwifi
sudo dpkg-divert --rename --remove /usr/lib/firmware/iwlwifi-cc-a0-77.ucode
sudo apt update && sudo apt full-upgrade
```

Orodha ya vilivyoshikiliwa hutolewa na `apt-mark showhold`, na iliyosogezwa kando na `dpkg-divert --list | grep firmware`. Tazama pia `/lib/firmware/updates`: faili la majaribio lililosahaulika humo litaendelea kulitangulia la kifurushi katika kila sasisho, mpaka uliondoe.